Je, Wajua? Programu ya Biashara: Uinunue au Ulipie Kila Mwezi?

Je, wajua kwamba mashine za kuhesabu zilikuwa zikikodishwa kabla kompyuta haijabuniwa? Sensa ya Marekani ya mwaka 1890 ilihesabiwa kwa mashine za Herman Hollerith, zilizosoma matundu yaliyotobolewa kwenye kadi. Hollerith hakuiuzia serikali mashine hizo. Ofisi ya Sensa ilizikodi, na ilipofika sensa ya 1900 ikazikodi tena. Wakuu wa ofisi hiyo walipoona kodi imezidi mno, waliajiri mafundi wao, akiwamo James Powers, na sensa ya 1910 ikahesabiwa kwa mashine zilizotengenezwa na ofisi yenyewe. Kampuni ya Hollerith iliunganishwa na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 ikapewa jina ambalo dunia nzima inalijua: IBM.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kariakoo au wa barabara ya Luthuli anayelalamika kwamba programu ya hesabu imepandishwa bei ya mwezi bila yeye kuulizwa, analalamikia jambo lenye umri wa zaidi ya miaka 100.

Je, wajua kwamba IBM ililazimishwa kuuza? Kwa miongo mingi, aliyetaka mashine zake alipangishwa tu. Serikali ya Marekani iliishtaki kwa kuhodhi soko, na makubaliano ya mahakamani ya Januari 1956 yakaitaka kampuni hiyo iwauzie mashine wateja wanaotaka kununua. Programu nazo hazikuwa na bei. Zilikuja pamoja na mashine, mafundi na mafunzo, vyote ndani ya malipo yaleyale. Mnamo Juni 1969 IBM ilitangaza kwamba itaanza kutoza programu kando. Hapo ndipo biashara ya kuuza programu peke yake ilipopata nafasi ya kukua. Mwaka 1972 wafanyakazi watano walioacha kazi IBM nchini Ujerumani walianzisha kampuni ya programu, SAP. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, babu wa Excel, na wenye biashara ndogo wakaanza kununua kompyuta kwa sababu ya programu hiyo moja.

Zama za kununua programu iliyofungwa kwenye boksi, ikiwa na diski na kitabu chake, hazikudumu sana. Salesforce ilianzishwa San Francisco mwaka 1999, ikikodisha mfumo wa kutunza taarifa za wateja kupitia intaneti, na nembo yake ya matangazo ilikuwa neno "software" likiwa limekatwa kwa mstari. Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba Photoshop na ndugu zake hazitatoka tena katika toleo jipya la kununuliwa mara moja. Autodesk, wenye AutoCAD, walifuata mwaka 2016. Desemba 2023 Broadcom, baada ya kuinunua VMware, ilifuta leseni za kudumu za programu hizo zinazoendesha seva nyingi duniani. Na baada ya tarehe 30 Septemba 2024 Intuit iliacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani QuickBooks ya kuwekwa kwenye kompyuta, katika matoleo yanayotumiwa na biashara ndogo, ikiwaelekeza kwenye ile ya mtandaoni.

Je, wajua hesabu ya Photoshop ilikuwaje? Kifurushi kikubwa cha mwisho cha kununua, CS6 Master Collection, kiliuzwa Dola 2,599. Malipo ya mwezi yaliyokuja badala yake yalikuwa Dola 49.99 kwa mkataba wa mwaka. Gawanya, utapata miezi 52, yaani miaka minne na miezi minne. Studio iliyozoea kununua kila toleo jipya lilipotoka iliweza kupata nafuu. Mpiga picha wa harusi aliyenunua toleo moja na kulitumia miaka minane alianza kulipa zaidi. Watu hawa wawili waligombana mtandaoni kwa miaka, kila mmoja akimwona mwenzake hajui hesabu, ilhali wote walikuwa sahihi.

Tulete hesabu hiyo dukani. Chukua mfano wa duka la vifaa vya ujenzi, na bei za kukisia tu ili mambo yaonekane. Programu ya kwanza inalipiwa Shilingi 60,000 za Tanzania kwa mwezi. Ya pili inanunuliwa kwa Shilingi 1,500,000, mwaka wa kwanza wa huduma ukiwa ndani, kisha Shilingi 250,000 kila mwaka kwa matoleo mapya na msaada wa fundi. Mwisho wa mwaka wa kwanza aliyekodi ametoa 720,000, aliyenunua 1,500,000. Mwaka wa pili ni 1,440,000 kwa 1,750,000. Mwaka wa tatu ni 2,160,000 kwa 2,000,000, na kuanzia hapo aliyenunua yuko mbele. Mpaka hapo ni rahisi. Sasa soma maandishi madogo chini ya bei: 60,000 ile ni kwa mtumiaji mmoja. Duka lina mtu wa kaunta, mtu wa stoo na mhasibu anayekuja mwisho wa mwezi. Wote watatu wakiingia kwa majina yao, malipo ya mwaka wa kwanza yanakuwa 2,160,000, na mpangaji amemzidi mnunuzi kabla hata ya kufunga hesabu za mwaka huo. Wenye maduka wengi hukwepa kwa kutumia nywila moja wote. Siku stoo inapopungukiwa mifuko 40 ya saruji, hakuna wa kuulizwa, kwa kuwa kila kitu kimeandikwa kwa jina la mtu mmoja.

Je, wajua kwamba hata aliyenunua hakuuziwa programu? Alichouziwa ni ruhusa ya kuitumia. Masharti ya Microsoft yanasema wazi kwamba programu imetolewa kwa leseni, haikuuzwa, na ndivyo yalivyo ya kampuni nyingi. Mahakama zenyewe zimepishana juu ya jambo hili. Nchini Marekani mtu mmoja aliuza kwenye eBay nakala za AutoCAD alizonunua mkononi, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba ofisi ya wasanifu majengo zilikotoka ilikuwa na leseni tu, kwa hiyo haikuwa na cha kuuza. Miaka miwili baadaye, tarehe 3 Julai 2012, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kinyume chake katika kesi ya UsedSoft na Oracle: mtu akilipa mara moja kwa leseni isiyo na mwisho, amenunua, na anaweza kumuuzia mwingine mradi tu nakala yake mwenyewe aizime. Ndiyo maana Ujerumani lipo soko halali la leseni zilizotumika.

Mfano ulioshangaza watu zaidi haukuwa wa programu, ulikuwa wa vitabu. Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za riwaya za George Orwell, 1984 na Animal Farm, kutoka kwenye vifaa vya Kindle vya watu waliokwisha kuzilipia, kwa sababu aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Wateja walirudishiwa fedha. Hata hivyo wengi walijua siku hiyo kwamba mkono wa muuzaji unafika hadi ndani ya kifaa kilicho mfukoni mwao. Jimbo la California limetunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayokataza duka la mtandaoni kuandika "nunua" kwenye bidhaa ya kidijitali bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni.

Je, wajua kwamba programu iliyonunuliwa nayo inakula kila mwaka? Mwaka 2008 SAP ilitangaza kupandisha ada ya matunzo kutoka asilimia 17 hadi 22 ya bei ya leseni, na vyama vya wateja wake vikapinga hadi kampuni ikarudisha chaguo la bei nafuu mwaka 2010. Kwa asilimia 22, ndani ya miaka mitano matunzo peke yake yanapita bei ya kununulia. Tally, programu ya Kihindi iliyoanza mwaka 1986 na inayopendwa sana na wahasibu wa Afrika Mashariki, huuza leseni ya kudumu, lakini matoleo mapya na baadhi ya huduma za mtandaoni hulipiwa kando. Usipolipa, programu yako haizimiki. Inabaki ilivyokuwa siku ile, nawe unaendelea kuandika ankara.

Tatizo ni kwamba mamlaka za kodi hazibaki zilivyokuwa siku ile. Kwa maoni yangu hapa ndipo watu wengi wa kwetu hukosea hesabu, wakidhani sababu ya kutaka toleo jipya ni urembo wa skrini. Tazama Kenya. Tarehe 1 Aprili 2020 kodi ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 kwa sababu ya janga la korona, na tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Fikiria keshia aliyefungua duka asubuhi ile ya Mwaka Mpya na mashine inayojua 14 tu, bei zikiwa zimebandikwa kwenye rafu, na mteja wa kwanza akitaka risiti ya kampuni. Aliyekuwa na mfumo wa mtandaoni mara nyingi alikuta asilimia imekwisha kubadilishwa usiku. Aliyenunua zamani na kuacha kulipia matunzo alimpigia simu fundi, na fundi alikuwa na wateja wengine wengi wenye shida hiyohiyo. Juu ya hayo, Kenya imetoka kwenye mashine za risiti za ETR za mwaka 2005 hadi mfumo wa ankara wa eTIMS ulioanza mwaka 2023, na Tanzania imekuwa na mashine za risiti za EFD tangu 2010, kisha ikaleta risiti zinazotolewa na programu yenyewe bila kifaa. Programu isiyoweza kuzungumza na mfumo wa mamlaka ya kodi, TRA ya Tanzania au KRA ya Kenya, inakulazimisha kuandika kila mauzo mara mbili. Kwa duka lenye wateja 200 kwa siku hilo haliwezekani.

Je, wajua kwamba malipo ya mwezi yanaweza kupanda bila muuzaji kuongeza hata senti? Programu nyingi za nje hutozwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2021 Dola moja ya Marekani ilikuwa kama Shilingi 110 za Kenya. Januari 2024 ilifika karibu 160. Ofisi ya Nairobi iliyokuwa ikilipa Dola 100 kwa mwezi ilitoka kwenye Shilingi 11,000 hadi karibu 16,000 kwa huduma ileile, skrini ileile. Baadaye mwaka huohuo shilingi ilipata nguvu ikarudi kwenye 130 hivi, na ofisi zilizokuwa zimekwisha kuhama zikawa zimelipa gharama ya kuhama bure. Aliyenunua kwa shilingi kutoka kwa wakala wa hapa hapa hakuguswa na mawimbi hayo mpaka siku ya kulipia matunzo.

Mtandao nao huweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Jumatatu yake wenye programu zilizo ndani ya kompyuta zao walifungua kazi kama kawaida. Wenye programu za mtandaoni ambazo seva zake ziko Ulaya au Marekani walikaa wakitazama duara likizunguka. Baadhi ya mifumo ya mauzo hukubali kuuza bila mtandao na kutuma kumbukumbu baadaye, na mingine haikubali kabisa. Mwulize muuzaji swali hilo kabla ya kumpa hela, kisha chomoa waya wa intaneti mbele yake uone mwenyewe.

Je, wajua kwamba unaweza kukatiwa huduma kwa sababu ya mzozo usiokuhusu? Oktoba 2019 Adobe iliwatangazia wateja wake wa Venezuela kwamba akaunti zao zitafungwa kwa sababu ya amri ya vikwazo ya Rais wa Marekani. Baadaye ilipata kibali cha serikali ya nchi yake ikaendelea kuwahudumia, lakini kwa wiki kadhaa wabunifu wa Caracas hawakujua kama mwisho wa mwezi watakuwa na kazi.

Na mwenye nyumba naye huweza kufilisika. Septemba 2013 kampuni ya Marekani ya kuhifadhi data, Nirvanix, iliwapa wateja wake wiki mbili tu kuhamisha kila walichoweka kwake, kabla ya kuongeza muda kidogo. Tarehe 27 Desemba 2024 Bench ya Vancouver, Kanada, iliyokuwa ikitunza hesabu za maelfu ya biashara ndogo za Marekani, ilifunga ghafla, wateja wakiwa wanajiandaa kwa msimu wa kodi. Siku chache baadaye ilipata mnunuzi. Hata asiyefilisika hukosea: Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia, UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulifutiwa mfumo wake uliokuwa kwenye Google Cloud kwa kosa la mpangilio lililofanyika upande wa Google. Wanachama walikaa kama wiki nzima bila kuona akiba zao. Kilichosaidia kuuokoa mfuko huo ni nakala zilizokuwa zimehifadhiwa kando, nyingine kwa mtoa huduma tofauti.

Je, wajua kwamba M-Pesa yenyewe ilikuwa ya kukodi? Wengi huiona kama mali ya Kenya tangu kuzaliwa. Ilipoanza Machi 2007, mfumo na jina vilikuwa vya Vodafone ya Uingereza, na Safaricom iliilipa Vodafone ada ya kuvitumia. Hadi mwaka 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani: mtu aliyetuma fedha kutoka Gikomba kwenda Kisumu alikuwa akiandikiwa hesabu yake Ulaya. Mwezi Aprili mwaka huo zikahamishiwa Kenya, na mwaka 2020 Safaricom na Vodacom zikanunua kwa pamoja jina na mfumo wote. Walikodi wakati hawakujua kama biashara itashika, na walinunua ilipokuwa imeshika barabara. Sioni funzo bora zaidi ya hilo kwa biashara changa.

Serikali ya Tanzania ilipita njia nyingine. Kwa miaka mingi malipo yake yalifanyika kwenye EPICOR, programu ya kigeni, hadi wataalamu wa ndani walipojenga MUSE, Mfumo wa Ulipaji Serikalini, ukachukua nafasi yake. Sekta ya afya nayo inatumia DHIS2, mfumo unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutolewa bila malipo ya leseni. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011. Kwa biashara binafsi kuna LibreOffice, GnuCash, ERPNext na toleo la jamii la Odoo, ambayo yote hayadai ada ya leseni. Gharama inahamia kwa mtu: atakayeyafunga, atakayefundisha wafanyakazi na atakayepokea simu usiku wa kufunga mwaka. Kama huna mtu huyo, bure hiyo itakugharimu.

Jambo moja kwa wahasibu. Kamati ya tafsiri ya viwango vya uhasibu vya IFRS iliamua mwaka 2019 kwamba kulipia haki ya kutumia tu programu iliyo kwenye seva za muuzaji kwa kawaida ni mkataba wa huduma, na mwaka 2021 ikaongeza kwamba gharama za kuirekebisha na kuipanga programu hiyo kwa mahitaji yako kwa kawaida huwa matumizi. Leseni iliyonunuliwa inaweza kuingia kwenye mizania kama mali. Ukienda benki kuomba mkopo, tofauti hiyo inaonekana.

Msimamo wangu ni huu. Biashara ambayo haijamaliza miaka miwili, au ambayo idadi ya wafanyakazi wake inapanda na kushuka, ilipie kwa mwezi, na kwa shilingi kama inawezekana. Duka lililokomaa, lenye kazi ileile kila siku na fundi wa kuaminika karibu, linunue leseni na lisiache kulipia matunzo hata mwaka mmoja, kwa sababu ya kodi. Na iwe unanunua au unakodi, bei uiulize mwisho. Uliza kwanza nini kitatokea kwa vitabu vyako siku utakapoacha kulipa. Je, utaruhusiwa kuingia na kusoma tu? Utapewa faili la Excel lenye ankara zote, orodha ya wadaiwa na hesabu ya stoo, au utapewa PDF zisizoweza kuingizwa kwenye mfumo mwingine? Data itakaa kwao siku 30, siku 90, au itafutwa usiku uleule? Umoja wa Ulaya umeliona hili: Sheria yake ya Data, iliyoanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025, inawapa wateja haki ya kuhama na data yao, na kuanzia Januari 2027 mtoa huduma hataruhusiwa kutoza ada ya kumhamisha mteja. Sisi bado tunategemea kilichoandikwa kwenye mkataba.

Sheria za usimamizi wa kodi za Tanzania na Kenya, zote mbili za mwaka 2015, zinakutaka utunze kumbukumbu za biashara kwa miaka mitano. Muda huo hausimami eti kwa sababu umeacha kulipia programu. Basi wiki hii, kama tayari unatumia mfumo wa mtandaoni, ingia, toa nakala ya hesabu zako zote za mwaka jana, ihifadhi kwenye diski iliyo mkononi mwako, kisha ifungue kwenye kompyuta isiyo na programu hiyo. Ikigoma kufunguka, mpigie muuzaji leo, ungali mteja wake.